Katiba ya Marekani si ya raia peke yao

Utasikia watu wakisema mgeni anayeshukiwa kwa ugaidi hana haki mbele ya Katiba ya Marekani, eti ni ya Wamarekani. Si kweli. Marekebisho ya Tano na ya Sita ya Katiba hiyo, yanayolinda haki za washtakiwa, hayasemi "raia". Yanasema "mtu" na "mshtakiwa". Mipaka ipo, hasa kwa mgeni aliye nje ya nchi, lakini mwaka 2008, katika kesi ya Boumediene, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba hata wafungwa wa Guantánamo, gereza la kijeshi la Marekani lililoko Cuba, wanaweza kupinga mahakamani kushikiliwa kwao.

"Ukimpa haki, atatoka!" Haya, mtazame Ahmed Khalfan Ghailani, Mzanzibari aliyeshtakiwa kwa milipuko ya balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, Agosti 7, 1998, iliyoua watu 224. Kesi yake iliposikilizwa New York mwaka 2010, Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi muhimu wa serikali, kwa kuwa shahidi huyo alipatikana kupitia mahojiano yaliyojaa shuruti ambayo CIA, shirika la ujasusi la Marekani, lilimfanyia Ghailani. Jopo la wananchi likamfutia Ghailani mashtaka zaidi ya 280, likamtia hatiani kwa moja tu, la kula njama. Hilo moja lilimtosha: Januari 2011 alifungwa maisha.