Kukata negativu: watu wanavyodhani na ilivyo

Negativu, yaani filamu iliyokwisha kusafishwa kwa dawa, ambayo mwanga na giza vimebadilishana, hukatwa vipande ili itunzwe. Dhana iliyoharibu picha nyingi ni hii: kwamba namba zilizo pembeni mwa filamu zinaonyesha picha inapoanzia na inapoishia, basi ukate kati ya namba na namba. Namba hizo zimewekwa kiwandani kabla filamu haijaingia kwenye kamera, nazo hujitokeza tu filamu inaposafishwa. Kamera haina habari nazo. Picha ya kwanza hukaa kulingana na ulivyopakia filamu, kwa hiyo namba 12 inaweza kuangukia kwenye mwanya, ile nafasi tupu kati ya picha na picha, au katikati ya uso wa bibi harusi.

Kinachofuatwa ni mwanya wenyewe. Kwenye filamu ya milimita 35, picha ya kawaida ina urefu wa milimita 36, na kutoka picha moja kuanza hadi ya pili kuanza ni matundu 8 ya pembeni mwa filamu, yaani kama milimita 38. Zinabaki milimita 2. Mkasi hauna pengine pa kupita, na kwenye kamera iliyochoka hata hizo 2 hupungua.

Wengine husema mwanya unaonekana tu, jicho halikosei. Mchana ni kweli. Picha ya usiku ni habari nyingine: giza kwenye negativu huwa eneo lisilo na kitu, sawasawa na mwanya, na mpaka wa picha hupotea. Mashine za maabara nazo hukosea hapo hapo. Anzia kwenye mwanya wa karibu unaouona bila shaka, hesabu matundu 8, kisha 8 tena, ukitafuta njiani alama yoyote ya kukuthibitishia, hata taa moja ya barabarani. Na kama mkanda mzima ni wa fataki au wa jukwaani, piga picha moja yenye mwanga wa kutosha mwanzoni, na ukipeleka kusafisha andika kwenye bahasha: MSIKATE.

“Bila mashine ya kukatia huwezi.” Unaweza. Mkasi mkali wenye makali marefu, unaokata kwa pigo moja, pamoja na taa nyeupe chini ya kioo au plastiki nyeupe kama maziwa, vinatosha kabisa. Mkasi mdogo wa kucha huacha ukingo wa ngazi ngazi unaokwama kwenye mfuko wa kutunzia negativu. Wembe na rula ndivyo ninavyovikataa waziwazi: rula hukwaruza, na wembe ukiteleza huingia ndani ya picha. Kikatio cha karatasi cha mezani hukata vizuri, ila mara nyingi huficha mstari wa kukatia na ubao wake hujaa vumbi. Vikatio maalumu vyenye taa ndani vinamfaa anayekata mikanda mingi kila siku.

Kuna wanaokata picha moja moja, wakiamini ni rahisi kutunza. Kwa kweli ndiyo njia ya hakika ya kuzipoteza. Picha iliyokatwa peke yake haina pa kushikwa ila kwenye picha yenyewe, hujikunja, na haikai sawa kwenye skana wala kwenye mashine ya kukuzia. Kata vipande vya picha 6, kila kimoja kama sentimita 23. Vishikio vingi vya skana vimetengenezwa kwa urefu huo. Wapo wanaopenda 5 kwa sababu vipande 7 hivyo hutosha pamoja kwenye karatasi moja ya kuchapia picha, ya inchi 8 kwa 10, lakini mkanda wa picha 36 huwaachia picha moja yatima. Hesabu kabla ya kukata. Zikiwa 37, malizia kwa kipande cha 4 na cha 3. Na ikibidi moja ibaki, usiikate mkia wake mtupu: huo ndio mpini.

Filamu iliyokauka juu juu isikatwe. Utando wenye picha, ule upande usiong'aa, ukiwa na unyevu huwa laini na hushika kila alama ya kidole. Mifuko ya PVC, aina ya plastiki, nayo iepukwe, hasa kwenye joto na unyevunyevu wa pwani. Polipropilini au poliesta ni salama.

Filamu ya 120, ile pana kuliko ya milimita 35, haina matundu, kwa hiyo hapo jicho na taa ndivyo vya kutegemea. Picha 12 za mraba hukatwa vipande 4 vya picha 3, na zile ndefu za sentimita 6 kwa 9, ambazo huwa 8, hukatwa mbili mbili.