Mama hashindwi sokoni, anashindwa kikaoni: dhana tulizonazo kuhusu wanawake na mazungumzo

Mama yangu ameuza ndizi soko la Mbuyuni, Moshi, tangu sijaanza shule. Mnunuzi anashika mkungu wa mshare, anauliza, "Mama, mwisho wake shilingi ngapi?" Mama anataja bei, halafu ananyamaza. Kwenye ule ukimya ndipo biashara ilipo. Anajua kama lori la Dar limeshajaza au bado linatafuta mzigo. Anajua mvua ya usiku imefanya nini kwenye barabara za kushuka kutoka mlimani, na nani jana alilala na mikungu yake. Kubwa kuliko yote, anajua kwamba huyu akiondoka, atakuja mwingine.

Jioni mama huyo huyo akirudi nyumbani na kukuta kikao cha ukoo, kazi yake ni kuhakikisha mbege, pombe yetu ya ndizi, imefika na wageni wamekula. Yanayozungumzwa huko ndani atayasikia kesho yake. Nimekua nikiambiwa kwamba hali iko hivyo kwa sababu wanawake hawana kifua cha mazungumzo mazito. Nimeyafuatilia maneno ya namna hii kwa miaka, na nataka niyachukue yale ninayokutana nayo mara nyingi hapa Moshi na Arusha.

Dhana: Mwanamke kwa maumbile yake anaogopa ushindani

Mwaka 2009 watafiti Uri Gneezy, Kenneth Leonard na John List walichapisha matokeo ya jaribio ambalo hata mtoto angelielewa. Mtu anapewa mipira kumi aitupe kwenye ndoo iliyo umbali wa mita tatu. Kabla ya kutupa anachagua malipo: ama alipwe kwa kila mpira unaoingia, ama ashindanishwe na mtu asiyemwona, akimshinda alipwe mara tatu, akishindwa aondoke mikono mitupu. Kwa Wamaasai wa Tanzania, nusu ya wanaume walichagua kushindana. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 26.

Wangeishia hapo, ile dhana ingepata ushahidi wake. Lakini walilifanya jaribio hilo hilo kwa Wakhasi wa kaskazini mashariki mwa India, ambako mtoto huhesabiwa kwa ukoo wa mama na mali ya familia hushuka kwa binti wa mwisho kuzaliwa. Huko wanawake waliochagua kushindana walikuwa asilimia 54, wanaume asilimia 39. Mipira ni ile ile na ndoo ni ile ile. Kilichobadilika ni nani anayerithi nyumba. Ninapomsikia mtu akitaja maumbile, huwa namuuliza kwanza shamba la kwao liko kwa jina la nani.

Dhana: Hawapati kwa sababu hawaombi

Hii inapendwa sana kwenye semina za ofisini. Mwanamke anaambiwa ajiamini, anyooshe mgongo, aombe nyongeza. Mwaka 2016 Benjamin Artz, Amanda Goodall na Andrew Oswald walitoa utafiti wa wafanyakazi wa Australia ukionyesha kwamba wanawake walikuwa wakiomba nyongeza sawasawa na wanaume wenye kazi zinazolingana. Tofauti ilikuwa kwenye majibu: wanaume walifanikiwa asilimia 20 ya mara walizoomba, wanawake asilimia 15. Kabla ya hapo, mwaka 2007, Hannah Riley Bowles na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba mwanamke anayejiombea zaidi huonekana mkorofi, na watu husitasita kufanya naye kazi, kuliko mwanamume aliyesema maneno yale yale. Kwa hiyo anayesita kuomba huenda ameshapiga hesabu ya gharama, na hesabu yake ni sahihi.

Wapo waliogundua pia kwamba gharama hiyo hupungua mwanamke anapowasemea wengine. Hili wanawake wa vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa, wanalijua bila kusoma utafiti wowote. Mmoja akienda peke yake kuomba ushuru wa meza upunguzwe, anaitwa msumbufu. Wakienda kumi na mbili na daftari la kikundi, wanakaribishwa viti.

Dhana: Mazungumzo ya amani ya Arusha yalikuwa kazi ya wanaume

Hapa nitakaa kidogo, maana jambo hili lilitokea mjini kwetu na wengi wetu tunapita mbele ya jengo la AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa, bila kulikumbuka.

Mazungumzo ya kumaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Burundi yalianza Arusha Juni 1998, msuluhishi akiwa Mwalimu Nyerere. Mwalimu alipofariki Oktoba 1999, Nelson Mandela akachukua nafasi. Picha tulizobaki nazo ni za wanaume wenye suti. Wanawake wa Burundi walikuwapo, lakini mlango ulikuwa mgumu. Vyama vilikataa wawe wajumbe, kwa hoja kwamba wao si upande uliokuwa ukigombana. Fikiria hoja hiyo vizuri: aliyefiwa, aliyekimbia na watoto, aliyeko kambini, hana la kusema kwa kuwa hakushika bunduki. Baadaye waliruhusiwa wachache kama waangalizi. Mwangalizi hasemi mezani, kwa hiyo walisemea kwenye korido, wakimshika mjumbe mmoja mmoja wakati wa mapumziko, Wahutu na Watutsi wakipeleka maneno yale yale.

Julai 2000 uliitishwa mkutano wao wenyewe Arusha, kwa msaada wa UNIFEM, mfuko wa Umoja wa Mataifa wa maendeleo ya wanawake wakati huo, na Taasisi ya Mwalimu Nyerere. Walikuja zaidi ya hamsini, na kila moja ya pande 19 za mazungumzo ilileta wanawake wawili. Wakatoka na orodha moja ya madai wakamkabidhi Mandela. Mkataba ulipotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, zaidi ya nusu ya madai yao yalikuwa yameingia ndani yake. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1325, linalotaka wanawake washirikishwe kwenye kutafuta amani, miezi miwili baadaye.

Hawakupata yote. Sharti la wanawake asilimia 30 kwenye vyombo vya maamuzi halikukubaliwa Arusha. Lilikuja kuingia kwenye katiba ya Burundi ya mwaka 2005. Na dai la binti kurithi ardhi lilibaki nje. Sishangai kwamba hilo ndilo lililogoma. Kiti bungeni kinagusa wachache, shamba linagusa kila boma.

Dhana: Anayedai kihamba anavunja mila na sheria

Kihamba ni shamba la migomba la ukoo huku Uchaggani. Kwa upande wa sheria, dhana hii haina miguu. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na ile ya vijiji inasema wazi kwamba mila inayomnyima haki hiyo ni batili. Sheria ya Ndoa ya 1971 inazuia nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, katika shauri lililotoka Kagera, alikataa mila iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo.

Ila nisikudanganye kwamba mambo yamenyooka. Tangazo la sheria za kimila la mwaka 1963 bado linamweka binti daraja la mwisho kwenye urithi. Wajane wawili wa Kitanzania walilipinga kwenye mahakama zetu bila mafanikio, wakaenda hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 ilisema haki zao zilivunjwa. Tangazo lenyewe linahitaji kufutwa. Nalisema hili bila kumung'unya.

Na mila? Uchaggani isale, mmea wa majani marefu, ndilo linaloonyesha mpaka wa kihamba. Ni jani hilo hilo analopelekewa mtu anapoombwa msamaha, na akilipokea hawezi kukataa kuzungumza. Wazee walioweka mpaka na mazungumzo kwenye jani moja walijua kwamba mipaka hujadiliwa. Anayesema mila yetu haina nafasi ya kujadiliana hajaitazama bustani ya bibi yake.

Dhana: Akishapewa kiti, yameisha

Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na sheria inataka watatu kati yao wawe wanawake. Nimeona mabaraza ambako hao watatu wanaitwa kuweka saini tu. Nimeona pia jinsi kiti hicho kinavyofanya kazi kikikaliwa vizuri.

Baba alipofariki, shamba letu lilipungua mistari miwili ya migomba. Masale ya mpakani yalikuwa yamehamishwa usiku, na jirani, ambaye ni wa ukoo wetu, alisema yamekuwa pale siku zote. Kwenye kikao cha ukoo mama aliambiwa asilete maneno ya sokoni. Aliwasikiliza, akawaaga, akaenda kwenye baraza la kijiji. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa na mahali pengine pa kwenda, kama anavyokuwa na mteja mwingine Mbuyuni.

Mjumbe aliyemuuliza swali la kwanza alikuwa mwanamke, tena hakumuuliza mume wake alikuwa nani. Alimuuliza, "Mama, migomba hiyo aliipanda nani?" Mama akasimama. Akataja mstari wa kwanza ulipandwa mwaka gani na mbegu ilitoka kwa nani, akataja wa pili, kisha akanyamaza.

Wiki iliyofuata masale yalirudishwa pale yalipokuwa.