Farasi wa Uffington ni mtaro uliojazwa

Wengi hudhani farasi mweupe wa Uffington, mchoro mkubwa ulio mtelemkoni mwa kilima kule Oxfordshire, Uingereza, alipatikana kwa kung'oa majani tu mpaka chaki ya chini, yaani mwamba mweupe laini, ikajitokeza. Sivyo. Uchimbaji wa kiakiolojia wa mwaka 1990 ulionyesha kwamba mistari yake ni mitaro, mahali pengine yenye kina cha karibu mita moja, iliyojazwa chaki iliyopondwa na kushindiliwa. Urefu wake ni kama mita 110.

Kilima chenyewe kina kimo cha mita 261 na ni chaki tupu: mashapo ya viumbe wadogo mno waliozama chini ya bahari zama za dinosaria. Chaki hunywa maji, ndiyo maana juu hukuti kijito. Basi lile bonde kavu lililo chini ya farasi, liitwalo Hori, lilichimbwa na nini? Zama za barafu, barafu yenyewe haikufika hapa, ila ardhi iliganda ikawa ngumu kama sakafu. Majira ya joto tabaka la juu liliyeyuka, maji yakakosa pa kuzama, na uji wa chaki ukaporomoka mtelemkoni. Makunyanzi ya ukingoni mwa bonde ni alama zake. (Wenyeji husimulia kwamba farasi hushuka usiku kula humo.)

Umri je? Kipimo cha kaboni hutaka mabaki ya viumbe yasiyo ya kale mno kama chaki, na chaki iliyoongezwa wakati wa ukarabati haisemi mtaro ulichimbwa lini. Kilichopimwa ni udongo uliofukiwa mtaroni. Punje za mchanga zikishakosa jua huanza kulimbikiza nishati ya mnururisho wa ardhini. Maabara huichochea kwa mwanga, nazo hung'aa kidogo. Zikikaa gizani zaidi, hung'aa zaidi. Sampuli ikipigwa na jua wakati wa kuchukuliwa, imeharibika. Jibu lilikuwa kati ya 1380 na 550 KK: pana, lakini latosha kumwondoa Mfalme Alfred, ambaye simulizi zilidai alimchora farasi huyu kuadhimisha ushindi wake wa mwaka 871.

Asiyetunzwa, hufutika. Nyasi hutambaa kutoka kingoni, mvua huleta udongo kutoka juu, mistari ikasinyaa. Kazi ni hii: palilia, nyoosha kingo, mwaga chaki mpya, kisha piga magoti uitwange kwa nyundo mpaka ishikane. Ukiiacha mabongebonge, mvua huihamisha. Hadi leo watu wa kujitolea huifanya, na maana yake ni kwamba vizazi vya miaka takriban 3,000 havikuiacha kwa muda mrefu. Kwangu hilo lashangaza kuliko mchoro wenyewe, ambao ukisimama kando yake huuoni: mkunjo wa mtelemko huuficha.