Je, wajua kwa nini jino la mtoto likiacha kuuma ghafla hupaswi kushusha pumzi?

Mtoto amelia na jino usiku wa kwanza, akalia na wa pili. Asubuhi ya tatu anaamka, anamaliza uji wake, anatoka kucheza. Nyumbani watu wanasema amepona, na safari ya kwa daktari wa meno inaishia hapo. Mimi hapo ndipo ninapoogopa.

Ndani ya jino kuna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Tundu likichimba hadi huko, vijidudu huingia na kiini huvimba, lakini hakina pa kutanukia, kimezungukwa na kuta ngumu. Ndiyo maana mtoto hushtuka usingizini akilia. Kiini kikifa, maumivu hukatika. Vijidudu, hata hivyo, bado vi hai: hushuka na mzizi hadi kwenye mfupa, usaha ukajikusanya huko.

Msogeze mtoto penye mwanga, umvute shavu kwa kidole. Ukiona kipele kama chunusi kwenye ufizi karibu na gego bovu, huo ni mlango wa usaha. Mpeleke ndani ya siku chache, hata kama anacheka.

Shavu likivimba au homa ikipanda, ni siku hiyohiyo. Na uvimbe ukifika jichoni, au ukishuka chini ya kidevu na shingoni, mtoto akashindwa kupanua mdomo au kumeza, mate yakamtoka, akahema kwa shida au akalegea, nenda hospitali usiku uleule. Uvimbe wa chini ya ulimi unaweza kuziba njia ya hewa.

Kupunguza maumivu, mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Aspirini usimpe, wala usiisage ukampachika kwenye jino, huunguza ufizi. Karafuu hutia ganzi kweli, wazee hawakukosea, ila haitoi usaha, na mafuta yake huchoma ufizi wa mtoto.

Kuna wanaosema, “Ni la utoto, litang'oka lenyewe.” Magego ya utoto hukaa hadi miaka 10 au 12, na chini yake jino la ukubwani linajijenga taratibu ndani ya mfupa. Usaha wa hilo la juu unaweza kulitia madoa kabla halijaota.