Ree mbili ni karata kali, si turufu

"Nilikuwa na turufu mkononi, nikaibiwa." Juzi nimeyasikia tena maneno haya, safari hii kwa rafiki aliyetolewa kwenye mashindano ya poka ya mtandaoni akiwa na ree ya kopa na ree ya shupaza. Mpinzani wake alikuwa na wafalme wawili. Chipu zote zilikuwa zimeshaingia katikati, karata nne zikafunuliwa bila madhara, ya tano ikawa mfalme wa uru. Sikubishana naye, kwani aliyetoka kupoteza hataki somo. Ila hilo neno turufu silipendi hapo, na naamini linamuumiza kuliko huyo mfalme wa uru.

Maana ya karata kali ni fupi. Katika Texas Hold'em, aina moja ya poka, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha tano hufunuliwa mezani kwa ajili ya wote, na kila mmoja hutafuta mkono bora wa karata tano kati ya hizo saba. Karata kali za kuanzia ni zile mbili ambazo, kabla ya lolote kufunuliwa, zina nafasi kubwa ya kushinda kuliko nyingi unazoweza kukutana nazo. Juu kabisa ni ree mbili, halafu wafalme wawili, halafu malkia wawili. Ree na mfalme huhesabiwa karibu na hapo.

Sasa turufu. Neno hili tulilipata kwa Wareno, nalo halikuja peke yake. Karata ni carta yao, kopa ni copas, uru ni ouros, pau ni paus, shupaza ni espadas, na turufu ni trunfo. Trunfo nayo asili yake ni Italia, trionfo, maana yake ushindi. Huko, katika karne ya 15, wachezaji waliongeza kwenye karata za kawaida kundi la karata za picha ambazo kazi yake ilikuwa kuzipiga nyingine zote. Yaani ushindi umo ndani ya neno lenyewe tangu lilipozaliwa. Na ndivyo tunavyocheza mpaka leo: pau zikiwa turufu, mbili ya pau inaikata ree ya kopa, hata kama ree hiyo ni nzuri namna gani. Hiyo ni kanuni, bahati haina nafasi hapo. Mwenye turufu kubwa kuliko zote hana wa kumla.

Poka haina turufu. Hakuna kundi linalolipita jingine, na hakuna karata inayokata. Ree mbili ni jozi moja tu, jozi kubwa kuliko zote, na jozi moja huliwa na jozi mbili, na tatu za namba moja, na mfululizo, na mkono wa rangi moja. Ukali wake ni wa uwezekano. Dhidi ya mpinzani mmoja mwenye karata zozote, ree mbili hushinda takriban mara 85 katika 100. Dhidi ya wafalme wawili ni takriban 82. Ukiwaacha wapinzani tisa waingie kwa bei rahisi na wote wakabaki hadi karata ya mwisho, zinashuka mpaka kama 31. Ndiyo sababu mwenye ree hupandisha dau mapema: anawapunguza watu. Mwenye turufu hana haja hiyo.

Ree na mfalme ndiyo inayodanganya zaidi, kwa sababu kabla ya kufunuliwa kitu mezani haijawa hata jozi. Ikikutana na jozi ya mbili, jozi hiyo ina nafasi kubwa kidogo kuliko yenyewe. Watu hushangaa, lakini hesabu ndivyo ilivyo.

Ree mbili hugawiwa mara 1 katika 221. Mtandaoni, ambako meza moja huweza kumaliza mikono 60 au zaidi kwa saa, utaziona mara nyingi kuliko kwenye meza ya ana kwa ana, na utaziona zikivunjika mara nyingi pia. Hapo ndipo malalamiko ya "mtandao unaiba" yanapoota. Chukua asilimia 85, uizidishe kwa yenyewe mpaka zitimie nne: nafasi ya ree zako kusimama mara nne mfululizo ni kama 52 katika 100. Ukiongeza ya tano, inashuka chini ya nusu.

Na mashindano yana jambo jingine ambalo turufu haina kabisa. Yapo mashindano ya kugombea tiketi za kuingilia mashindano makubwa zaidi, kama yale ya mtandaoni yaliyomfikisha Mmarekani Chris Moneymaker kwenye World Series of Poker ya mwaka 2003 huko Las Vegas, akaishinda. Tuseme tiketi ni 10 na mmebaki 11. Wewe ni wa pili kwa wingi wa chipu. Kuna mtu mmoja amebakiwa na nusu ya dau la lazima, na mkono unaofuata ni zamu yake kulitoa. Anayekuzidi chipu anasukuma zote, wewe unafunua ree mbili. Hapo unazitupa. Ukikaa kimya tiketi ni kama yako tayari. Ukifuata, unaiweka rehani kwa nafasi ya kama 85, na ukishinda hupati tiketi ya pili. Nionyeshe mchezo ambao mtu hutupa turufu yake kubwa kwa sababu ni kubwa mno kuihitaji.

Rafiki yangu, basi, hakuibiwa. Aliweka chipu zote mahali palipostahili, akiwa mbele kwa 82 dhidi ya 18. Kabla ya karata ya tano, kati ya 44 zisizojulikana ni mbili tu zilizoweza kumtoa, na moja ilikuja. Pole yake naitoa kwa moyo wote. Ila siku nyingine aseme "nilikuwa na karata kali, zikashindwa", hapo tutazungumza vizuri.