Picha za faragha kabla ya harusi: maswali kuhusu ngozi, nywele na mekapu

Msimu wa harusi ukianza, kliniki ya ngozi ninayofanya kazi hapa Dar es Salaam hupata wageni wa aina mbili. Wa kwanza huja miezi miwili kabla, ana chunusi chache, anauliza maswali, tunacheka, anaondoka na dawa yake. Wa pili huja zimebaki siku nne, amejifunika mtandio hadi puani, na akiufungua unaona uso umefura na kope hazifunguki. Siku hizi wengi wao hawajiandai kwa ajili ya ukumbi peke yake. Wamepanga pia picha za faragha, zile za khanga moja au vazi la kulalia, za kumpa mume au za kujiwekea mwenyewe. Picha hizo zinaonyesha mgongo, mapaja na kwapa, sehemu ambazo gauni huzificha, ndiyo maana maswali yameongezeka. Haya ndiyo ninayoulizwa zaidi.

Dada, picha ni wiki sita zijazo. Nianze lini kujiandaa?

Anza leo, mdogo wangu, na uanze na machache. Ngozi hujibadili taratibu, kwa wastani wiki nne hivi, kwa hiyo unachokipaka leo utakiona vizuri mwezi ujao. Sabuni isiyo kali, maji ya uvuguvugu, kisha mafuta mwili ukiwa bado na unyevunyevu, kabla hujakauka kabisa. Vaselini inatosha kwa viwiko, magoti na visigino. Usoni weka losheni ya kuzuia jua kila asubuhi, hata kama ngozi yako ni nyeusi tii, kwa sababu jua ndilo linalokoleza madoa ya chunusi.

Halafu kuna sharti moja ambalo nawaomba wote walishike: wiki mbili za mwisho usianze kitu kipya. Iwe krimu, sabuni, skrabu uliyosifiwa na shoga au dawa ya nywele ya kampuni nyingine, kama hujawahi kuitumia, muda wake umepita. Karibu wote wanaokuja kwangu wamejifunika mtandio walianza kitu kipya wiki ya harusi.

Bibi yangu wa Unguja anataka nifanyiwe singo, lakini nina ngozi ya mzio. Nikatae?

Usimkatalie bibi. Singo, ule msuguo wa mwili wa bibi harusi kwa manukato ya asili, ni kitu kizuri, na ukiona liwa, ule mti wa kunukia, inavyosagwa juu ya jiwe na maji ya waridi, harufu ikijaa chumba kizima, unaelewa kwa nini bibi harusi hutulia. Ila mwombe mambo matatu. Kwanza, akupake kidogo ndani ya kiwiko mkisubiri siku mbili, kwa sababu asumini, mlangilangi na karafuu ni vya asili, lakini vya asili navyo huwasha wenye mzio. Pili, asisugue kwa nguvu. Ngozi iliyochubuka huacha weusi, na kwenye ngozi zetu weusi ule hukaa miezi. Tatu, asikusugue siku uliyonyoa.

Kama kuna manjano ndani yake, imalizike siku tatu nne kabla ya picha, maana rangi hubaki kwenye mistari ya shingo na kucha. Na ndimu iacheni jikoni. Maji ya ndimu yakikauka juu ya ngozi kisha ukapita juani, unaweza kupata malengelenge na baadaye mabaka meusi kama mtu aliyemwagikiwa chai ya moto.

Mpambaji wangu ameniambia nipake krimu ya kung'arisha kwa wiki tatu tu, ili picha itoke vizuri. Wiki tatu zina madhara gani?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu suala la mkorogo linaniuma.

Krimu inayobadilisha rangi kwa wiki tatu mara nyingi ina kimoja kati ya vitu vitatu: haidrokwinoni, zebaki, au dawa ya steroidi kali kama klobetasoli. Mkorogo wa kuchanganyiwa dukani, ule wa kopo lisilo na lebo, unaweza kuwa na vyote. Steroidi hufanya ngozi ionekane laini na angavu siku za mwanzo, ndiyo maana inasifiwa. Inachofanya chini yake ni kuifanya ngozi iwe nyembamba, kuchora michirizi ambayo haiondoki, na kufungua mlango wa fangasi na chunusi. Ukiacha ghafla uso huwaka, unarudia krimu ili upate nafuu, na hapo umeshakuwa mtumwa wake. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu bila daktari inaweza kugeuza mashavu kuwa na weusi wa kibuluu ambao hata sisi kliniki tunashindwa kuutoa. Zebaki yenyewe hupenya ngozi na kuharibu figo, na kwa mjamzito humfikia mtoto tumboni.

Serikali yetu ilishapiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na tangu mwaka 2019 udhibiti wa vipodozi uko chini ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania. Kimataifa kuna Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana vipodozi vyote vyenye zebaki viondolewe kufikia mwaka 2025. Bado vinauzwa. Soma lebo: ukiona mercury, mercuric au calomel, rudisha kopo mahali pake. Kama halina orodha ya viambato kabisa, usilinunue.

Na kwa habari ya picha yenyewe, angalia vidole. Uso hupauka, lakini vifundo vya vidole hubaki na rangi yake. Weka mkono shavuni, kama wapiga picha wanavyopenda kukuelekeza, na kamera itaonyesha rangi mbili za mtu mmoja. Rangi uliyozaliwa nayo ikipakwa mafuta na kupata mwanga wa dirishani inapendeza, nami nimeziona picha za aina hiyo.

Kama tayari unatumia, usiache kwa siku moja bila kuongea na daktari wa ngozi. Njoo na kopo lako. Hakuna atakayekusuta.

Hina na piko, vyote ni sawa?

Hapana. Hina ya kweli ni jani lililosagwa. Hutoa rangi ya chungwa inayokolea kuwa kahawia iliyoiva ndani ya siku mbili, kwa hiyo chorwa siku mbili kabla ya picha. Piko ile nyeusi ya papo hapo ni dawa ya kutia nywele rangi, na ndani yake mna kemikali iitwayo parafenilini-diamini, kwa kifupi PPD. Haikutengenezwa kukaa kwenye ngozi kwa saa nzima.

Mwanamke mmoja alikuja akiwa na ua lililopanda kutoka kifundo cha mguu hadi gotini. Wino wenyewe ulikuwa umeshafifia, lakini ua lilikuwa bado linasomeka: kila jani limenyanyuka kwa malengelenge, kila kikonyo kimevimba. Alichorwa Jumatatu, muwasho ukaanza Alhamisi. Ndivyo mzio huu ulivyo, unaweza kuchelewa siku kadhaa, na wengine huupata mara ya pili au ya tatu baada ya kupaka salama huko nyuma. Mwili ukishaikataa PPD, huikataa maisha yote. Siku utakapotia mvi zako rangi nyeusi, uso mzima unaweza kuvimba. Ukitaka maua meusi kwa ajili ya picha, mwombe mchoraji atumie wanja wa mekapu, unaoshwa jioni.

Ninyoe au nitumie waksi? Kila nikinyoa kwapa na sehemu za siri natoka vipele.

Vipele vile ni nywele za kipilipili zinazojikunja na kuota kwa ndani. Ukinyoa, tumia wembe mpya wa kwako peke yako, oga kwanza ili nywele zilainike, paka povu, pitisha kuelekea nywele zilikolala, usirudie rudie. Fanya hivyo jioni ya kuamkia picha, vipele visipate muda wa kuota. Waksi, au ile sukari na ndimu inayopikwa nyumbani, iwe siku tatu kabla, nywele zikiwa na urefu wa nusu sentimita. Ipoe kwanza, maana ngozi ya sehemu hizo huungua upesi. Anayepaka dawa ya chunusi ya jamii ya retinoli asitumie waksi hapo anapopaka, itang'oa na ngozi.

Baada ya kunyoa usipake manukato wala spirti. Kipele chenye usaha kinachouma na kukua kinataka kituo cha afya. Usikitumbue kwa sindano ya nyumbani.

Nina weusi mapajani na shingoni. Nausugua lakini hautoki.

Acha kuusugua, huko kusugua ndiko kunakouongeza. Weusi wa mapajani mara nyingi ni wa msuguano. Vaa kaptula laini chini ya gauni na upake vaselini. Ule wa shingoni na kwapani ukiwa mnene, laini kama kitambaa cha mahameli, unaweza kuwa dalili kwamba sukari ya mwili haiendi sawa. Pima sukari. Kipimo ni cha kidole na dakika chache. Michirizi ya makalio na tumbo ni ya kawaida na haina krimu ya kuifuta.

Nywele je?

Dawa ya nywele iwekwe siku kumi kabla, kichwani pasiwe na kidonda wala mahali ulipokwaruza, na isiwe siku hiyo hiyo uliyofumua. Ukisuka, msusi akikaza hadi macho yanavutika au unahitaji panado ulale, mwambie alegeze. Nywele za mbele zinazong'olewa kila mwezi hufika mahali hazioti tena. Gundi ya wigi na ya kope zijaribiwe nyuma ya sikio siku mbili kabla.

Mpambaji ana wateja wengi. Brashi zake ni salama?

Muulize, na uulize bila aibu. Mwanzoni mwa mwaka 2024 macho mekundu yalipotembea Dar es Salaam na Mombasa, sote tuliona yanavyosambaa. Wanja, maskara na lensi za rangi havichangiwi. Nunua maskara yako mwenyewe uende nayo. Lensi za kukodi zikatae kabisa, zinaweza kuleta kidonda kwenye kioo cha jicho.

Jambo la picha: poda na losheni zenye zinki au titani hung'aa nyeupe kwenye flashi. Mkimaliza kupaka, zima taa, mwombe mtu akupige na flashi ya simu. Uso ukitoka kama umeangukia unga, bado mna muda wa kurekebisha.

Chunusi kubwa imetoka usiku wa kuamkia picha!

Usiikamue wala usipake dawa ya meno. Funga barafu kwenye kitambaa safi, iweke dakika chache, pumzika, rudia. Uvimbe hushuka. Wekundu uliobaki ni kazi ya mpambaji, wakati ukiikamua atakuwa anahangaika na kidonda, na mekapu haishiki kwenye kidonda.

Siku yenyewe nivae nini kwenda studio?

Dera, na ndani usivae kitu chenye mpira wa kubana. Alama za sidiria na soksi hukaa mwilini saa nzima au zaidi, na mpiga picha hawezi kuzifuta kwa taa. Kula kabla ya kutoka, maana kukaa kwenye taa za joto na njaa huangusha watu. Chai za kupunguza tumbo usiziguse, nyingi ni za kuharisha tu. Paka mafuta mabegani na miguuni dakika kumi kabla ya kuanza, yaingie ndani kidogo.

Ukirudi nyumbani, hata ukiwa umechoka vipi, toa kope kwa kuziloweka na mafuta kwanza, usizivute, kisha nawa uso mara mbili ndipo ulale.