Tembe moja, dawa mbili: maswali ya presha ninayoulizwa sana hapa Lamu

Assalaam aleikum jamani. Mimi ni muuguzi hapa Lamu, na sehemu kubwa ya siku yangu ni watu wa presha, na toka hizi tembe za mchanganyiko zianze kuwa nyingi maswali hayaishi, mengine naulizwa kliniki, mengine niko sokoni na samaki mkononi, mengine ndani ya boti ya Mokowe watu wote wanasikiliza. Nimeyakusanya yale yanayorudi rudi. Simsemei daktari wako, yeye ndo anajua figo zako zikoje na sukari yako ikoje, lakini kuna mambo mtu akiyajua anajiokoa mwenyewe.

Sista, zamani nilikuwa nikipewa tembe mbili, saa hii napewa moja. Wamenipunguzia dawa?

La, hawajakupunguzia. Hiyo tembe moja ndani yake mna dawa mbili, na zengine zina tatu. Geuza boksi usome nambari. Ukiona 40/5 au 80/12.5, kile kimstari cha katikati ndo kinakwambia humo mna dawa mbili, miligramu ngapi za hii na ngapi za ile. Ukiona 40/5/12.5 basi ni tatu.

Na mbona ziwe mbili? Manake presha haiingii kwa mlango mmoja. Kuna mishipa inabana, kuna chumvi na maji yamejaa mwilini, kuna homoni zinazoanzia kwenye figo zinaamrisha mishipa izidi kubana. Amlodipini inalegeza mishipa, enalaprili na losartani na wenzao wanazima ile amri, na haidroklorothiazaidi (kwenye boksi utaiona HCTZ) inatoa chumvi na maji kwa mkojo. Ni kama kushusha tanga, mmoja analegeza kamba mwengine anakunja, ukimwachia mtu mmoja afanye yote kwa nguvu ataumia na tanga litachelewa. Ukiongeza sana dozi ya dawa moja presha inashuka kidogo tu lakini madhara yanapanda, ukitia kidogo cha dawa ya aina nyengine inashuka zaidi. Na kuna zaidi ya hapo, zinasitiriana: amlodipini inavimbisha miguu, ukiichanganya na telmisartani uvimbe unapungua. HCTZ inapoteza potasiamu (madini ya mwilini), telmisartani inaibakisha.

Shirika la Afya Duniani liliziingiza tembe hizi kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019, na mwongozo wake wa 2021 ukapendekeza watu wazima wenye presha waanze na mchanganyiko, ikiwezekana ndani ya tembe moja. Kwa hivo daktari wako hajabuni kitu.

Nitajuaje kama sinywi dawa ile ile mara mbili?

Hili ndo swali ambalo hakuna anayeniuliza, mimi ndo nataka mniulize.

Alikuja mzee mmoja, miguu imevimba mpaka viatu havimuingii, ndara kazishika mkononi. Kichwa kizito, akisimama anashika ukuta. Nikamwambia mzee wangu, niletee dawa zote ulizonazo nyumbani, zote, hata za chini ya mto. Kesho yake akaja na mfuko. Boksi la kwanza la Mombasa, telmisartani na amlodipini 40/5. La pili ametumiwa na mwanawe alioko Muscat, jina la kampuni jengine kabisa, rangi nyengine, ndani ni valsartani na amlodipini 160/10. La tatu kapewa karibu na kwao, amlodipini tupu ya 5. Hebu piga hesabu, 5 na 10 na 5, ishirini, na kiwango cha juu cha amlodipini kwa siku ni 10. Tena telmisartani na valsartani ni ndugu wa damu moja, hawafai kunywewa pamoja. Na miguu ilipovimba akaenda duka la dawa akauziwa tembe ya mkojo ili ipungue, yaani dawa ya nne ya kutibu madhara ya zile tatu! Na wallahi si mjinga yule mzee, yeye aliona maboksi matatu ya rangi tatu, akajua ni dawa tatu tofauti.

Sisi watu wa pwani tuna jamaa Arabuni, mtu akija likizo lazima alete dawa, na nia ni njema, mimi silaumu. Lakini jina kubwa la boksi ni la kampuni, usilifuate hilo. Fuata lile jina dogo la chini, na utazame mwisho wake. Likiishia na "pril" hilo ni kundi moja, likiishia na "sartan" ni kundi jengine lakini kazi zao zinafanana, likiishia na "dipine" ni zile za kulegeza mishipa. Dawa mbili zenye mwisho mmoja, simama uulize kabla ya kumeza. "Pril" moja na "sartan" moja pia simama uulize, manake zikiwa pamoja zinaumiza figo na kupandisha potasiamu, na faida ya maana ya kuongeza haipo. Na mara nyingi jina la kampuni likifuatwa na herufi H hapo kuna HCTZ, likifuatwa na AM kuna amlodipini.

Ukienda kliniki yoyote, hata ya meno, beba maboksi yenyewe. Usiniambie "kile kidogo cheupe", vyote ni vidogo vyeupe.

Mgongo na magoti yananiuma, naweza kutumia diklofenaki?

Ukiwa kwenye dawa hizi, usijinunulie. Diklofenaki, ibuprofeni na jamii yao zinapandisha presha na zinapunguza damu inayoingia kwenye figo. Sasa kama tembe yako ina "pril" au "sartan" na ndani yake kuna HCTZ pia, halafu ukaongeza diklofenaki, hizo tatu zikikutana figo zinaweza kushindwa ghafla, hasa kwa mzee, hasa ukiwa umeshinda juani bila maji. Wavuvi na wale wa kukata mawe nawaambia nyinyi hasa, najua zile sindano za mgongo mnazipenda. Paracetamoli ndo ya kuanzia, kwa kipimo chake. Na dawa za mafua za kufungua pua nazo zinapandisha presha, mwambie muuzaji una presha kabla hajakupa.

Nimeanza kukohoa kikohozi kikavu, usiku ndo zaidi. Ni kifua?

Inaweza kuwa dawa. Zile za "pril" zinafanya hivo kwa baadhi ya watu, hata baada ya wiki kadhaa. Usiache kimya kimya, rudi ubadilishiwe. Lakini midomo, ulimi au uso ukivimba hapo usingoje kliniki, acha dawa hiyo na uende hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana, manake njia ya hewa inaweza kuziba. Na hali hiyo sisi Waafrika inatupata zaidi kuliko wengine.

Nikiamka alfajiri napata kisunzi.

Wiki za kwanza hutokea, mwili ulishazoea presha ya juu. Keti kwanza ukingoni mwa kitanda, hesabu mpaka mia kama una subira, ndo usimame. Na ngazi zetu za nyumba za mawe mnazijua zilivyosimama, mzee asishuke gizani kwenda kutia udhu bila kushika ukuta. Kisunzi kikiendelea pimwa presha ukiwa umekaa na ukiwa umesimama, huenda dozi ni kubwa. Ukiwa unaharisha na kutapika mwone daktari mapema au umpigie, kwa sababu mwili ukikauka hizo tembe, hasa zenye HCTZ na "pril" au "sartan", huenda zikahitaji kusimamishwa kwa siku chache, na yeye ndo wa kuamua.

Na Ramadhani je?

Njoo wiki mbili tatu kabla, usije siku ya kumi umeshaanguka. Uzuri wa tembe moja kwa siku ni kwamba wengi wanaweza kuihamishia futari au daku bila shida. Ikiwa ndani mna HCTZ wengi inawafaa wakati wa futari, ili ule mkojo utoke usiku huku unakunywa maji, kuliko uimeze daku halafu ushinde juani na kiu. Usichanganye dozi mbili ukazimeza pamoja kwa sababu ya jana kusahau. Na sambusa za chumvi na mbatata za kukaanga kila usiku, tusidanganyane, zinapigana na dawa.

Yeo asubuhi nimesahau kumeza, nifanyeje?

Ukikumbuka siku hiyo hiyo, meza. Ukikumbuka wakati wa dozi ya kesho umeshakaribia, iache iliyopita, endelea na ya kesho. Mbili kwa pamoja, hapana.

Ninatumia habasoda, kitunguu saumu na mwarobaini. Vibaya?

Sitowatukana dawa za bibi zangu. Kitunguu saumu na habasoda vinaweza kushusha presha kidogo, na hapo ndo kuna hoja, manake ukivinywa kwa wingi juu ya tembe mbili unaweza kuteremka kuliko ilivyokusudiwa. Ndani ya chakula havina neno. Ile chupa ya mchanganyiko isiyo na jina, ya mtu anayekwambia acha za hospitali, hiyo usiiguse. Mwambie daktari unachotumia, hatoruka juu.

Mirungi na muguka ni kesi nyengine. Vinapandisha presha na kukimbiza moyo, kwa hivo unameza tembe asubuhi ya kushusha na jioni unatafuna ya kupandisha. Pesa zako.

Ami mmoja aliniandikia, hataki jina: hizi dawa zimenimaliza nguvu za kiume.

Ami, hauko peke yako na si aibu. Presha yenyewe isiyotibiwa inaharibu mishipa, na mishipa ndo inayofanya kazi hiyo. Sukari pia. Lakini kweli HCTZ na zile za jamii ya atenololi zinaweza kuchangia, na dawa za "sartan" kawaida hazina tatizo hilo, kwa hivo kubadilishiwa inawezekana, sema tu. Kitu cha hatari ni zile tembe za nguvu za kununua kichochoroni: ukiwa unatumia dawa za moyo za naitreti ni marufuku kabisa, presha inaweza kuporomoka ukafa, na kwa dawa nyengine uliza kwanza.

Mke wangu ana presha na tunataka mtoto.

Aje kabla hajabeba mimba. Dawa zote za "pril" na "sartan" zinamdhuru mtoto tumboni, hasa figo zake. Akigundua amebeba akiwa anazinywa, asingoje kliniki ya mwezi ujao, aje siku hiyo, atabadilishiwa, ziko zinazofaa kama methildopa na nifedipini ya kutoka polepole. Na asiache tu mwenyewe akakaa bila dawa, presha ya mimba ni hatari kwao wote wawili.

Dawa nizitie kwenye kile kisanduku cha siku saba?

Kinasaidia kukumbuka, lakini hapa kwetu hewa ina unyevu mwingi, na telmisartani hufyonza unyevu, inalainika na kuharibika. Iache kwenye karatasi lake mpaka dakika ya kumeza. Usiweke juu ya friji, usiweke jikoni. Ukienda Pate au Kizingitini beba ya siku za ziada, bahari ikichafuka boti hazitoki na wewe utakaa bila dawa. Na usikate wala kusaga tembe ya mchanganyiko mpaka uulize, nyengine zimetengenezwa kutoka polepole.

Najisikia mzima, nikaacha wiki mbili, si sawa tu?

Presha haiumi. Kujisikia mzima ndo dalili kwamba dawa inafanya kazi, au presha ipo na imenyamaza. Pima. Kaa dakika 5 mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, umeshakojoa, hujanywa kahawa wala kuvuta sigara nusu saa nzima, na hujatoka mbio gatini. Wengi lengo ni chini ya 140/90, mwenye ugonjwa wa moyo nambari ya juu iwe chini ya 130, na mwenye sukari au figo daktari anaweza kumwekea lengo hilo hilo. Na wiki chache baada ya kuanza "pril", "sartan" au HCTZ, damu itolewe kupima figo na potasiamu, hamna anayependa sindano lakini hiyo iruhusu.

Ikifika 180/120 na una maumivu ya kifua, upande mmoja umelegea, maneno yanavurugika, macho hayaoni au kichwa kinapasuka, hiyo ni dharura, tafuteni boti, msingoje kupambazuke. Wala asitiwe nifedipini chini ya ulimi, inaweza kuiangusha presha ghafla na ubongo ukakosa damu.

Mwisho sista, papa mkavu je?

Nilijua atafika. Chumvi ya siku nzima iwe chini ya gramu 5, ni kama kijiko kimoja cha chai, na hapo tumeshahesabu iliyoko kwenye mkate wa mofa na kila kitu. Ng'onda na papa vinaimaliza hiyo kwa kipande kimoja. Kama roho haitulii, mara moja moja, loweka usiku kucha, mwaga maji, loweka tena, halafu usitie chumvi wala kile kidonge cha mchuzi, nazi na ndimu zinatosha. Chumvi za "presha" zinazouzwa madukani zina potasiamu, kwa mtu wa "pril" au "sartan" aulize kwanza. Na achari iweke kando, na nikisema kando namaanisha nyumba ya jirani.